Kabla hujauliza dawa, uliza mche unaitwaje

Hiki kitu nimekisema shambani, nimekisema kwenye daladala za Uyole, nimekisema mpaka nyumbani wameshanizoea, sasa acha nikiandike kirefu. Stroberi zetu huku Mbeya haziozi kwa sababu tunapiga dawa kidogo, dawa tunapiga sana. Shida ninayoiona mimi ni kwamba tunapanda miche ambayo hatuijui hata jina, halafu tunataka solo ya mgongoni (pampu ya dawa) ifanye kazi ambayo nusu yake ilitakiwa ifanywe na mche wenyewe.

Angalia viazi. Mkulima wa viazi wa Njombe au wa huku Uporoto ukimpelekea gunia la mbegu, kabla hajauliza bei anauliza hii ni ipi, Kikondo, Arka au nini, na ukimjibu "ni viazi tu" anakuacha umesimama na gunia lako. Maharage ni hivyohivyo, watu wanaijua Njano Uyole kwa kuiangalia tu. Kahawa kule Mbozi mtu anakwambia kabisa hii miti ni ya zamani na hii ni ile miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Sasa njoo kwenye stroberi uone. Miche ipo? Ipo. Bei gani? Bei hii. Basi, umefungiwa kwenye gazeti bichi, umepanda bodaboda, umeenda kupanda, na miezi michache mbele uko duka la pembejeo umeshika jani mkononi unauliza dawa.

Mimi najishughulisha na stroberi, nalima kidogo na nasoma sana kuhusu haya magonjwa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona swali la jina la mche ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kwanini? Kwa sababu ya jinsi mmea unavyojilinda.

Sisi binadamu tukiumwa kuna chembe nyeupe za damu zinasafiri mpaka kwenye kidonda, na mwili unatengeneza antibodi mpya kwa ajili ya ugonjwa uleule uliokuja. Mmea hauna kitu hicho. Hauna damu ya kuzungusha hizo chembe wala haujifunzi kutengeneza antibodi, kila seli ya jani na ya mzizi inajilinda palepale ilipo kwa kile ilichorithi. Yaani kama jeni ya kumtambua adui fulani haimo kwenye kromosomu za mche wako, haitaingia mwezi ujao kwa sababu umeweka samadi nyingi au umebadilisha booster. Ama mche umekuja nayo au haujaja nayo.

Na zinazorithiwa hapa ni vipokezi, protini ambazo kazi yake ni kutambua. Kuna vya nje na kuna vya ndani. Vya nje vimekaa kwenye utando wa seli, na vinatambua vitu ambavyo karibu kuvu zote zinavyo na haziwezi kuviacha, mfano kitini, ambayo imo kwenye ukuta wa kuvu (imo pia kwenye ganda la panzi na la kaa). Mmea wenyewe hauna kitini mwilini, kwahiyo vipande vya kitini vikigusa kipokezi maana yake ni moja tu, kuna mgeni, na ndani ya dakika chache seli inaanza kutoa kemikali kali zenye oksijeni, inanenepesha ukuta wake pale penye mguso, inatengeneza vimeng'enya vya kukatakata ukuta wa kuvu. Hewa ya Mbeya mvua zikichanganya imejaa mbegu za kuvu za kila aina na nyingi kabisa zikitua kwenye jani la stroberi haziendi popote, na sisi hatujui hata kama kuna vita imepiganwa pale, maana hakuna doa lililotokea.

Tunayoyaita magonjwa ni zile kuvu chache zilizokubuhu. Hizi zinatoa protini zinazoitwa efekta, kazi yake ni kuuzubaisha mmea. Kuna kuvu ya majani ya nyanya, Cladosporium fulvum, ina efekta inayokamata vipande vya kitini kabla kipokezi hakijavigusa, kwahiyo seli imekaa pale imeshavamiwa na haina habari. Mimi niliposoma hiyo nilifunga simu nikatoka nje kidogo. Kiumbe ambacho hakina ubongo kinaokota ushahidi wake!

Hapo ndipo vinapokuja vipokezi vya ndani, ambavyo wanasayansi wanaviita kwa kifupi NLR, na hivi ndivyo nilivyotaka hasa tuviongelee. Vinakaa ndani ya seli kimya. Kila kimoja kinatambua efekta fulani, au kinalinda protini fulani ya mmea ambayo efekta hupenda kuichezea na ikiguswa tu kinaamka. Mfikirie yule balozi wa nyumba kumi wa zamani, hakuwajua wezi wote wa Tanzania nzima, lakini nyumba zake kumi alizijua na mgeni akilala bila kuripoti alimjua usiku uleule. Ndio nguvu ya NLR na ndio udhaifu wake pia, inajua kidogo, lakini hicho kidogo inakijua kwelikweli.

Ikiamka inafanyaje? Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha umbo la kimoja kinaitwa ZAR1, cha mmea mdogo wa maabara unaoitwa Arabidopsis. Protini tano zinaungana zinakuwa duara lenye uwazi katikati, duara linajichomeka kwenye utando wa seli, na baadaye ikaonekana kalsiamu inapita pale kuingia ndani. ZAR1 anahusika na bakteria, lakini mwaka 2022 kipokezi cha ngano kinachoitwa Sr35, kinachopambana na kutu ya shina, kikaonekana kinaunda duara la watano vilevile na kupitisha kalsiamu vilevile. Baada ya hapo seli iliyovamiwa inajiua yenyewe. Kuvu inayotegemea seli hai kwa chakula inajikuta imezungukwa na seli zilizokufa na inafia palepale, wewe unaona kadoa kadogo tu kwenye jani au huoni kabisa.

Na haya hayajaanza jana. Mtafiti Biffen kule Cambridge, Uingereza, mwaka 1905 alionyesha kwamba ukinzani wa ngano dhidi ya kutu ya njano unarithiwa kwa kanuni za Mendel, na miaka ya 1940 Harold Flor, aliyekuwa North Dakota huko Marekani akichunguza kitani na kutu yake, akagundua kwamba kwa kila jeni ya ukinzani kwenye mmea kuna jeni yake mwenza kwenye kuvu. Hiyo ni kabla mtu yeyote hajaona hata kipokezi kimoja, alikuwa anachavusha, anapanda, anahesabu. Namheshimu sana huyu mzee.

Sasa stroberi yenyewe. Hii tunayokula ni chotara, ilitokea Ufaransa karne ya 18, baada ya Mfaransa mmoja, Frézier, kuleta stroberi ya Chile mwaka 1714 ikaja kuchavushwa na stroberi ya Amerika Kaskazini iliyokuwa imeshafika Ulaya. Ina seti nane za kromosomu, jumla 56, wakati stroberi pori ya Ulaya ina 14 tu. Ndiyo maana jenomu (yaani jeni zake zote kwa pamoja) ya ile pori ilisomwa mapema, ikatoka 2011, na ya hii yetu kubwa, ya aina inayoitwa Camarosa, ikabidi isubiri mpaka 2019. Arabidopsis peke yake ana jeni za NLR kama 150, sasa fikiria mmea wenye seti nane zilizotoka kwa mababu tofauti, kila seti na vipokezi vyake, vingine vizima, vingine vimeshakatika katika safari. Kumsaka mmoja anayezuia ugonjwa fulani humo ndani ni kazi ya miaka.

Lakini imefanyika, na mfano ninaoupenda ni wa California. Wakulima wa kule kwa miaka mingi walifukiza udongo kwa methyl bromide kabla ya kupanda, ikaua karibu kila kitu kilichomo ardhini. Ile gesi inaharibu tabaka la ozoni na kwa Mkataba wa Montreal ikaanza kuondolewa, na jinsi ilivyopungua ndivyo magonjwa ya udongo yalivyojitokeza, mmojawapo mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu ya udongoni iitwayo Fusarium. Mwaka 2018 watafiti wa pale wakachapisha kuhusu jeni waliyoipa jina FW1, jeni moja tu inayotawala, ukiwa na nakala moja inatosha, na ikaonekana aina kama San Andreas, Portola na Fronteras tayari zilikuwa nayo. Zilikuwa nayo hata kabla jeni yenyewe haijajulikana! Ukipanda Fronteras na Monterey kwenye udongo uleule wenye ile fuzari, Monterey inakufa na Fronteras inaendelea kuzaa. Maji ni yaleyale na mbolea ni ileile, tofauti ni kilichomo ndani ya mche.

Niwe mkweli pia, zipo mbari za ile fuzari ambazo FW1 haizitambui, na shamba likipata hizo basi FW1 haikusaidii. Kuvu ikibadilisha au ikipoteza ile efekta, kipokezi hakina cha kutambua. Ngano tumeliona hili hapa Afrika Mashariki, kutu ya shina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda ikaivunja jeni ya ukinzani Sr31 ambayo dunia nzima ilikuwa imeitegemea. Kwahiyo mtu akikwambia nina mche usioumwa milele, huyo usimnunulie.

Nije nyumbani. Msimu wa mvua, mama mmoja jirani yangu huku Igawilo aliniita shambani kwake, nikamwamkia, akanionyesha tuta, mche mmoja umelala na mingine pembeni imesimama vizuri kabisa. "Mwanangu, huu umenyauka na maji yapo, wiki nzima mvua, nimeshapiga dawa mara mbili." Nikamwomba ruhusa ning'oe. Mizizi ilikuwa mizuri, myeupe. Nikachukua kisu nikapasua kile kishina kifupi kwa urefu, pale yanapotokea majani. Ndani kishina kizima huwa cheupe, chake kilikuwa na mabaka mekundu ya udongo yameingiliana na weupe, upande mmoja umeshakuwa wa kahawia na mgumu. Nikamwambia mama, hapa ndani dawa uliyopiga juu ya majani haifiki, na inawezekana miche ilikuja nao huu ugonjwa kutoka ilikotoka. Akakaa kimya halafu akauliza swali ambalo ndilo lilinifanya niandike haya yote: "Sasa ilikuwaje niuziwe na ugonjwa, na mbona hii ya mwanangu wa kule Tukuyu haifi?"

Kwa macho tu huwezi kuapa kama ni chule, yaani Colletotrichum, au ni Phytophthora (ambayo kwa kweli sio kuvu halisi, ni ukoo wa bakajani chelewa ya viazi), zote zinaweza kuozesha kishina, hapo inatakiwa maabara. Ila swali lake la pili lina jibu linalowezekana. Kwa chule ya aina ya acutatum kuna jeni ya stroberi inaitwa Rca2, kwa Phytophthora cactorum kuna sehemu ya kromosomu inaitwa FaRPc2, aina moja inayo na nyingine haina. Huenda mashamba mawili yana miche ya aina mbili tofauti, au udongo mmoja ni msafi, au vyote viwili. Hatuwezi kujua kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa jina.

Na kuna jambo la stroberi linalofanya hili liwe zito zaidi ya mahindi. Stroberi hatupandi kwa mbegu, mche mama unatoa vikamba vinatambaa, mbele ya kamba kunaota mche mdogo, tunakata tunapanda. Ule mdogo ni mama yuleyule, jeni kwa jeni. Shamba zima ni mche mmoja umerudiwa mara elfu, kwahiyo kama kipokezi fulani hakipo kwa mmoja hakipo kwa wote, na kuvu ikijua kumwingia mmoja imejua kuwaingia wote. Upande wa pili ni mzuri, ukipata mche mmoja wenye ukinzani na ukawa msafi, unaweza kuujaza shamba na kumgawia jirani na sifa haipotei hata kidogo. Chule nayo inapenda sana hii njia, inaweza kukaa kwenye mche mdogo bila dalili yoyote, unampelekea ndugu yako zawadi Iringa kumbe umempelekea na ugonjwa.

Sasa wapo watakaosema basi tutafute aina yenye NLR ya kila ugonjwa tumalize. Hapana. Kuna ule ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, ambao kwa huku kwetu ndio naona unakula hela kuliko yote, hasa mvua za Machi na Aprili ambapo jua linaonekana saa moja kwa siku. Yale manyoya ya kijivu juu ya tunda, ukiligusa linatoa vumbi, na lile vumbi ni mbegu. Mbinu ya seli kujiua haimsumbui huyu, maana huyu anakula seli zilizokufa. Anaua kwanza ndipo anakula. Seli ikijiua imempunguzia kazi. Mpaka leo hakuna aina ya stroberi yenye kinga kamili dhidi yake, kuna zinazovumilia zaidi na zinazovumilia kidogo basi. Tena mwaka 2013 ikachapishwa kwamba anatuma vipande vidogo vya RNA ndani ya seli za mmea vinavyozima jeni za ulinzi za mmea wenyewe. Na anaingilia kwenye ua! Anakaa kwenye petali na stameni zinazonyauka, anatulia wakati tunda ni bichi, likianza kuiva sukari ikipanda ndio anatoka, ndiyo maana unachuma asubuhi tunda zuri unaweka kwenye kipakiti likifika Mwanjelwa au Dar lina manyoya.

Kwa huyu dawa peke yake nayo ni njia fupi, anajulikana dunia nzima kwa kuzoea dawa haraka ukirudia kundi lilelile. Kinachosaidia ni maua na matunda yakauke mapema: kupanda kwa nafasi, kufunika tuta kwa nailoni au nyasi kavu tunda lisiguse udongo, dripu badala ya kumwagilia juu, kuokota yaliyooza na kuyatoa shambani (sio kuyatupa kwenye mfereji jamani), na ukiweza kuweka paa la nailoni wakati wa masika. Naliandika hili kwa sababu sitaki mtu aelewe nasema jeni ndio kila kitu.

Ila ukiweka paa, ubwiri unga unafurahi. Ule unga mweupe chini ya jani, jani linajikunja kingo zinaelekea juu. Podosphaera aphanis hahitaji jani lilowe, mvua inamkera, anapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevunyevu, na anakula seli hai tu. Kwa ubwiri unga kuna habari tofauti kidogo na za vipokezi. Kwenye shayiri ipo jeni inaitwa Mlo, na hii ikiwa nzima inausaidia ubwiri unga kuingia, ikiharibika mmea unapona, tena ukinzani wake umedumu mashambani Ulaya tangu 1979 wakati jeni nyingi za aina ya NLR zilikuwa zinavunjwa baada ya miaka michache. Mojawapo ya hizo nakala zilizoharibika ilipatikana kwenye shayiri za wakulima wa Ethiopia, zilizokusanywa miaka ya 1930. Hawa ni wakulima wa milimani, wanatunza mbegu zao wenyewe, na shayiri ya Ulaya mpaka leo inalindwa na kitu kilichotoka kwenye mashamba yao. Stroberi nayo ina jeni za ukoo huo wa Mlo na watafiti wanazifanyia kazi.

Kuna swali nililoulizwa na kijana mmoja wa chuo, kwamba kwanini mmea usiwe na vipokezi vyote vimewashwa muda wote. Ni kwa sababu ulinzi unakula chakula. Mmea ambao kinga yake imewaka bila adui unadumaa, majani yanakufa madoamadoa yenyewe, wakati mwingine ukichavusha aina mbili nzuri unapata watoto wanaojishambulia kwa sababu vipokezi vya baba na vya mama havielewani. Kwahiyo kazi ya mzalishaji wa mbegu ni kuunganisha vichache vinavyofaa kwa mahali fulani, bila kuua utamu na ukubwa wa tunda, na kwa mahali fulani maana yake ni pamoja na kuvu za hapo. Za kwetu.

Ndio maana ninachokitaka mimi ni kitu cha kawaida kabisa. Muuza miche aandike jina la aina na mahali alipoitoa, hata kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Kama hajui aseme sijui, na wewe uamue ukijua hivyo. Ukitaka kuingiza miche kutoka nje, upite TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ikaguliwe, usiifiche kwenye begi kwa sababu ni michache, ile michache ndio itakayozaa shamba zima. Miche yenye dalili uipeleke TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ukaulize maana wamekaa na magonjwa ya maharage na viazi vya nyanda hizi miaka mingi, na chule ya maharage ni ndugu wa chule ya stroberi.

Mimi na yule mama tumekubaliana mvua zikipungua tutatenga kipande, aina zenye jina zipangwe mstari kwa mstari pamoja na ile yake isiyo na jina na ile ya mwanae wa Tukuyu, udongo mmoja, dripu moja, na mwisho wa kila mstari miche michache isipigwe dawa ya ukungu kabisa. Tutaandika ipi imeanza kupata unga, ipi imenyauka, ipi tunda limeota manyoya na mwezi gani. Ukiwa na miche unayoijua jina, uwe Mufindi, Makambako au Rungwe, na ni misafi, tunaihitaji kwenye ile mistari.